Kumbe Mguu Haukuwa na Tatizo

Kwanza niombe radhi kwa kimya. Wiki saba hizi nimekuwa natembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, na mtu anayechechemea hana hamu ya kuandika chochote zaidi ya kile anacholipwa. Walioniona ofisini nikipanda ngazi kwa kushikilia ukuta niliwaambia kwamba niliteleza bafuni. Mama naye nilimwambia hivyo hivyo. Yeye ananijua kwa miaka ishirini na minane, kwa hiyo aliguna tu, akaenda kutafuta mafuta ya kuchulia.

Sikuteleza bafuni. Leo nasema ukweli, ila nitauanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Baadhi yenu mnajua kuwa nafanya karate. Huu ni mwaka wa tano, nina mkanda wa kahawia. Dojo letu, kama unadhani ni ukumbi wenye vioo na mikeka kama kwenye sinema, sahau. Ni darasa la shule ya msingi huku Kinondoni. Jioni wanafunzi wakishaondoka tunasukuma madawati ukutani, tunafagia vumbi la chaki, tunavua viatu, tunaanza. Ubaoni bado kuna hesabu za sehemu za darasa la tano. Mwalimu wetu ana miaka sitini na mmoja, alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na mbele yake hata sisi wenye ndevu tunaingia na shikamoo kwanza, mambo ya "osu" yanafuata baadaye.

Sasa, katika dojo hilo kuna binti mmoja wa kidato cha nne. Mkanda wa kijani. Ukimwona njiani na sare yake ya shule na begi kubwa kuliko mgongo, utampisha apite kwa huruma. Huyo binti nilipangwa naye kupigana kila Ijumaa kwa karibu miezi minne, na katika miezi hiyo minne teke langu la mawashi geri (lile linalozunguka kutoka pembeni, ambalo mimi nililihesabu kuwa ndiyo silaha yangu) halikumgusa hata mara tano. Nikirusha, hayupo. Au yupo, lakini mkono wake umeshafika pale, unanisubiri. Halafu ananirudishia teke lake dogo tumboni, paa, na kuinama kwa heshima, "Samahani kaka."

Hiyo "samahani kaka" ndiyo iliyokuwa inaniua.

Mwalimu alikuwa na neno moja tu kwangu. "Unachelewa." Basi. Hakuongeza. Na mwezi wa pili ulipofika wakati wa kuchagua watano wa kwenda Tanga kwenye mashindano ya kirafiki, binti alikuwemo na mimi sikuwemo. Nilipewa kazi ya kupiga picha. Eti wewe si mwandishi wa habari.

Nadhani mtu mwenye akili angemfuata Mwalimu na kumuuliza, nachelewa wapi? Mimi nilienda nyumbani na kufungua intaneti.

Mtandaoni, ndugu zangu, kuna kila kitu kuhusu kasi ya teke. Kuna wa kukwambia upige mateke elfu moja kwa siku. Kuna wa kukwambia ufunge vyuma miguuni. Mimi nilikulia kwenye mabanda umiza, nikitoa sarafu ya nauli kuangalia Bruce Lee na Jet Li wakitafsiriwa kwa sauti nzito ya Lufufu, na katika sinema zile fundisho ni moja: shujaa anateswa, anabebeshwa ndoo za maji mlimani, halafu siku akiwekwa huru anakuwa umeme. Sikuwahi kuliona banda umiza lililoonyesha shujaa amelala anapumzika.

Basi nikachukua suruali kuukuu ya jinsi, nikampelekea fundi cherehani, nikamwambia akate miguu yake na kunishonea mifuko miwili yenye kamba za kufungia. Nikaijaza mchanga. Kila mmoja kilo moja na nusu. Kila asubuhi saa kumi na moja, uani, kabla mama hajaamka, mateke mia tatu kila mguu, nimefunga mifuko juu ya kifundo. Nikirudi kazini usiku, mengine mia. Nikiivua mifuko, mguu unakuwa mwepesi kama karatasi. Nilikuwa narusha teke moja hewani na kucheka peke yangu gizani.

Mwalimu alishawahi kutuambia, miaka mingi tu, kwamba uzito wa miguuni ni wa kutembelea, siyo wa kupigia mateke. Wiki ya tatu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Unajifunza na uzito?" Nikasema hapana, Mwalimu. Akatikisa kichwa, akaendelea na mambo yake.

Ijumaa moja nikatoka kazini nimechoka hasa. Siku hiyo nilikimbizana na msafara wa mheshimiwa tangu asubuhi, sikula mchana, na habari yenyewe mhariri aliikata ikabaki aya mbili. Nikapanda mwendokasi nimesimama, nikafika dojo mwili haujapata moto sawasawa. Nikapangwa na binti. Nikasema leo ndiyo leo. Nikarusha mawashi geri kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na kwa hasira pia, nisidanganye. Akakwepa. Mguu ukaenda hewani hadi mwisho wake, na nyuma ya paja nikasikia kitu kama kamba ya kuanikia nguo inapokatika.

Sikuinuka.

Mtaalamu wa viungo aliyenishughulikia alikuwa dada mmoja mpole sana, mwenye vidole kama koleo. Akasema msuli wa nyuma ya paja umechanika kiasi, haukukatika wote, nishukuru. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Kwake sikuweza kudanganya, labda kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi. Nikamweleza habari za mifuko.

Akanieleza kitu ambacho katika miaka mitano sikuwahi kukifikiria. Unaporusha teke, misuli ya mbele ya paja ndiyo inayonyoosha goti. Lakini mguu ukishanyooka lazima kuwe na kitu cha kuusimamisha, la sivyo goti litang'oka. Kitu hicho ni msuli wa nyuma ya paja. Ndiyo breki. Na breki inafanya kazi ngumu kuliko injini, kwa sababu inavuta huku yenyewe inarefushwa. Ukifunga kilo moja na nusu mwishoni mwa mguu, pale mbali kabisa na nyonga, unaiongezea breki mzigo kila teke. Mateke mia tatu. Kila siku. "Wewe," akaniambia, "ulikuwa unakata breki zako mwenyewe kidogo kidogo." Nikalipa, nikaondoka nikichechemea.

(Kwa wapenzi wenzangu wa Bruce Lee: mwaka 1970 yeye mwenyewe aliumia mgongo akinyanyua vyuma, akalazimika kukaa miezi kadhaa bila mazoezi. Hilo halimo katika sinema niliyowahi kuiona pale banda umiza.)

Wiki mbili za kwanza sikwenda dojo. Wiki ya tatu nikaenda, nikakaa juu ya dawati la nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa. Na mtu wa kazi yangu akikaa bila kazi, hutoa simu na kurekodi. Simu yangu inaweza kurekodi picha 240 kwa sekunde moja, ule mwendo wa polepole ambao watu huutumia kurekodi maharusi wakirusha maua. Maana yake kila picha moja ni sehemu ndogo sana ya wakati, elfu nne hivi za milioni ya sekunde. Ukiipitisha video picha moja moja unaweza kuhesabu, kama karani wa benki.

Nikamrekodi binti. Nikamrekodi Mwalimu. Na kwa bahati nilikuwa na video yangu mwenyewe, aliyonirekodi mwenzangu kwa simu hii hii wiki moja kabla sijaumia, nikiwa nimejaa sifa. Jumapili nikaketi uani na daftari na soda, nikaanza kuhesabu.

Nilihesabu kwanza jambo la kawaida: tangu kisigino kinapoinuka sakafuni mpaka mguu unapofika kwenye pedi. Mimi: picha 84. Binti: 72. Sawa, ananizidi, lakini picha 12 ni nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo haiwezi kueleza miezi minne ya aibu. Mwalimu: 96! Mguu wa Mwalimu ni mzito kuliko wangu. Na bado Mwalimu akiamua kukupiga, unapigwa.

Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Zile zile.

Ndipo nikarudisha video yangu nyuma, kabla kisigino hakijainuka, na nikaona kitu kilichonifanya niweke soda chini. Bega langu la kulia linashuka. Kisha mkono wa kulia unaacha kulinda uso na kwenda chini, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kisha mguu wa mbele unasogea nusu hatua kwa nje. Halafu, mambo yote hayo yakiisha, ndipo kisigino kinainuka. Nikahesabu tangu bega linapoanza kushuka: picha 60. Robo ya sekunde nzima, kabla ya teke kuanza!

Binti: picha 12. Mwalimu: 5, na hizo tano nilizitafuta kwa tochi.

Hebu jumlisheni wenyewe. Mimi 60 na 84, jumla 144, sekunde 0.6. Binti 84, sekunde 0.35. Mwalimu, mzee wa miaka sitini na mmoja mwenye goti linalolia, picha 101, sekunde 0.42. Jicho la mtu likiona kitu, mwili huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuanza kujibu. Kwa hiyo mimi nilipokuwa naanza kurusha teke langu, binti alikuwa ameshaliona, ameshaamua, na ameshaanza kuondoka. Nilikuwa natangaza habari redioni halafu ndiyo nakwenda kuichapa gazetini, kisha nashangaa kwa nini watu wote wanaijua.

Mguu haukuwa na tatizo. Miezi mitatu ya mchanga, mateke karibu mia nane kwa siku, kumbe nilikuwa natibu mguu mzima na kuacha bega.

Ijumaa iliyofuata nikamwonyesha Mwalimu video. Akavaa miwani, akatazama mara mbili, akasema, "Ndiyo. Unachelewa." Nikacheka, nikasema Mwalimu, sasa nimeelewa. Kisha nikaona bora niseme na lile jingine. Nikamwambia kwamba ile siku aliponiuliza habari za uzito, nilimdanganya.

Akavua miwani. "Tunafanya mazoezi miguu mitupu," akasema. "Alama za kamba nilikuwa naziona vifundoni mwako tangu wiki ya kwanza."

Nikauliza, mbona hukunizuia, Mwalimu?

"Wewe ni mtu mzima. Nilikuuliza, ukanijibu."

Akaenda kuwapanga watoto mstari. Mimi nikabaki na simu mkononi. Hadi leo nikikumbuka jibu lile natamani angenizaba kibao, ingekuwa nafuu.

Tangu hapo nafanya mazoezi tofauti kabisa, na naomba niyaeleze kwa sababu najua humu kuna wenzangu wanaofungia vyuma miguu yao kimya kimya.

La kwanza halina teke ndani yake. Nasimama mbele ya kioo cha kabati la mama, nimekunja ngumi usoni, na kazi yangu ni kuanza teke bila kitu kingine kuanza. Goti linainuka, basi. Bega likishuka, naanza upya. Mwanzoni nilishindwa mara kumi kati ya kumi. Dawa aliyonipa Mwalimu ni ndogo na ya ajabu: legea. Mtu akitaka kwenda kasi hujikaza, na akijikaza, misuli ya mbele na ya nyuma inavutana kama watu wawili wanaogombania shuka. Mguu unaokazwa kabla haujaondoka unaondoka umefunga breki. Kwa hiyo napumua, naacha mabega yaanguke yenyewe, uzito katikati ya miguu yote miwili, na goti linaondoka kutoka hapo hapo nilipo. Kukaza ni pale mwisho tu, mguu unapogusa.

La pili ni nyonga. Teke siyo mguu unaonyanyuliwa. Mguu wa chini unazunguka juu ya unyayo mpaka kisigino kinatazama unapopiga, nyonga inafuata, paja linafuata nyonga, goti linafunguka mwisho kabisa. Kama mjeledi: mkono unapita kwanza, ncha inafika mwisho, na ncha ndiyo inayolia. Mimi nilikuwa nafungua goti mapema kwa haraka ya kufika, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinakwenda pamoja kama daladala lililojaza.

La tatu ndilo lililoniumiza roho: kupumzika. Mateke matano. Siyo mia tatu, matano, kila moja kwa kasi yote. Kisha nakaa dakika tatu. Nguvu ya haraka ambayo msuli hutumia kwa jambo la kulipuka haimalizi hata sekunde kumi, na inahitaji dakika kadhaa kurudi. Ukiendelea bila kuingoja, bado utarusha mateke, jasho litatoka, utajisikia shujaa, lakini yatakuwa ya polepole, na mwili unajifunza kile unachoufanyisha. Teke langu la mia mbili na hamsini pale uani saa kumi na moja na nusu alfajiri lilikuwa somo la uvivu. Sasa ninafanya seti nne au tano, na nikiona moja limelegea kwa uchovu, siku imekwisha. Dakika tatu ni ndefu sana jamani. Jaribuni kukaa dakika tatu mkifikiria goti.

Dada wa viungo naye alinipa lake la breki: unapiga magoti, mtu anakushikia visigino, unajishusha kwenda mbele polepole mwili umenyooka, msuli wa nyuma ya paja ukizuia mpaka ushindwe. Wachezaji mpira wanalijua. Nashikiwa visigino na mdogo wangu, kwa malipo ya vocha. Na kuna kichurachura, naam, kile kile cha adhabu shuleni, isipokuwa kwa utaratibu: unaruka mara tano, unatua kimya, unapumzika. Tuliruka uwanja mzima tukidhani tunateswa tu, na kwa namna ile kweli tulikuwa tunateswa tu. Kujinyoosha kule kwa kukaa na kushikilia vidole dakika nzima nimekuhamishia mwisho wa mazoezi. Kabla ya kupiga nabembeza miguu tu, mbele, nyuma, pembeni.

Katika wiki hizi za kukaa nilirudia pia kutazama fainali moja ya taekwondo ya Olimpiki, Rio 2016, uzito wa chini ya kilo 80. Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast yuko nyuma 6 kwa 4 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza, saa inaisha. Sekunde ya mwisho kabisa anageuka na kurusha teke la kuzunguka kichwani. Pointi nne, 8 kwa 6, dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika historia ya Olimpiki. Teke la kuzunguka lina safari ndefu, mwili mzima unageuka kwanza, ukilipima kwa saa tu utasema halifai. Zamani nilikuwa natazama mguu wake. Safari hii nilitazama mabega, mara nyingi, nikirudisha na kurudisha, mpaka mdogo wangu akaniuliza kama simu imekwama.

Juzi nimeruhusiwa kurusha teke tena, nusu nguvu. Nikajirekodi, siwezi kujizuia. Mguu: picha 88, nimerudi nyuma kuliko kabla ya kuumia, na hilo nililitarajia. Bega na ndugu zake: 20. Jumla 108, sekunde 0.45. Mguu mzito zaidi, teke linafika mapema zaidi.

Jana Mwalimu akanipanga na binti, kwa sharti la kugusana tu. La kwanza alilikwepa. La pili alilizuia. La tatu alinipiga yeye. La nne mguu wangu uligusa ubavu wake, kidogo, kama mtu anayebisha hodi, na akasimama akanitazama. Nilisubiri samahani kaka, haikuja. Akasema, "Hilo sijaliona," akarudisha mikono usoni, na raundi ikaendelea, na mengine yote hadi mwisho aliyaona.

Mwezi ujao wanachaguliwa watu wa kwenda Tanga tena. Sijui kama nimo, na Mwalimu siwezi kumuuliza.

Ile mifuko mama aliikuta chini ya kitanda wakati anafagia. Akaibeba mpaka sebuleni, akaiweka mezani mchanga ukimwagika, akakaa. Nikamweleza yote, kuanzia fundi cherehani. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akasema, "Bafuni," akaenda kumwaga mchanga kwenye maua yake.